Muulize Babu Pedeli: Kisigino Kimegoma

*Shikamoo Babu Pedeli. Nina miaka 41, naishi Minneapolis, Marekani. Majira ya joto huwa naendesha baiskeli na kukimbia, si kwa pesa, ni kwa raha zangu tu. Tangu Novemba kano ya nyuma ya kisigino inaniuma. Asubuhi nikishuka kitandani natembea kwa kuchechemea. Nje theluji, ndani nyumba ndogo, na mke wangu amechoshwa na manung'uniko. Nimeshajiandikisha marathoni ya Juni. Nifanyeje? — Kisigino Kimoja*

Marahaba, mjukuu wangu. Umefanya vyema kuniandikia mimi badala ya daktari. Daktari angekuuliza maswali kuhusu wewe, na mimi nina mengi ya kusema kuhusu mimi.

Najua wapo watakaobeza: mzee wa Tanga anajua nini habari za theluji? Hao hawana habari kwamba niliwahi kupanda Lushoto mwezi wa Julai, nikalala na sweta mbili na soksi za mwenyeji wangu, asubuhi nikatoa moshi mdomoni bila sigara. Nasikia wastani wa Januari hapo kwenu ni kama nyuzi 9 chini ya sifuri. Sawa. Lakini nyinyi mna vivuko vya vioo vinavyounganisha maghorofa katikati ya mji, mtu anatoka benki mpaka mgahawani bila kukanyaga barafu. Mimi Lushoto nilikuwa na mlango usiofunga. Kwa hiyo tusishindane.

Kuhusu baiskeli sijui nianzie wapi, basi nitaanzia kwangu. Tanga ni mji wa baiskeli, kila mtu anajua, na katika mji huo wa baiskeli mimi ndiye niliyekuwa nikipishwa. Nilikuwa na Phoenix nyeusi, keria nyuma, dinamo mbele, na kengele iliyosikika Pangani upepo ukiwa mzuri. Nimepakia gunia la mkaa, shangazi, na kuku wa shangazi, nikapanda kilima bila kunyanyuka kwenye siti. Shangazi hakusifu. Kuku alisifu.

Vijana wa siku hizi mnadhani kukimbia na kuendesha ni mambo mawili. Mwaka 1817, Mjerumani mmoja, Karl von Drais, alitoka Mannheim akiwa amekaa juu ya chombo cha mbao chenye magurudumu mawili. Pedeli hakina, cheni hakina. Alikuwa anasukuma ardhi kwa miguu, yaani anakimbia huku amekaa. Dunia ikampigia makofi. Mimi nilifanya hivyohivyo utotoni Ngamiani, cheni ilipokatika nikiwa natoroka chuo, na makofi niliyopigwa hayakuwa ya namna hiyo.

Tulikuwa wapi? Ah, kisigino.

Kano ya kisigino ndiyo nene na imara kuliko zote mwilini, na ina tabia za mzee wa ukoo: ukimtwika mzigo wa ghafla ananuna, ukimstaafisha moja kwa moja anadhoofika. Wewe najua ulichofanya. Oktoba uliona baridi inakuja, ukaongeza kilomita kwa pupa ili ule akiba. Kisha ilipouma ukalala wiki mbili, ukaamka, ukakimbia vilevile kama jana, ikauma tena. Usinikatalie. Nimesoma barua yako, hukuandika hivyo, lakini nimesoma.

Sasa sikiliza habari ya Uswidi. Kule Umeå, kwenye baridi ya kushindana na yenu, kulikuwa na daktari wa mifupa, Håkan Alfredson, mkimbiaji, naye kano ikamsumbua. Akaomba apasuliwe. Mkubwa wake wa kazi akakataa. Bwana yule, kwa hasira, akaamua kuiumiza kano makusudi mpaka iharibike, ili asiwepo wa kumnyima kisu. Akawa anafanya zoezi la kushusha kisigino, siku baada ya siku, maumivu yakipanda. Kano ikakataa kuharibika. Ikapona! Mwaka 1998 akachapisha matokeo ya wakimbiaji wa ridhaa 15 waliofanya zoezi hilo kwa wiki 12, na wote wakarudi kukimbia kama zamani. Mimi ningefika hapohapo bila hasira, ila nyumba za kwetu wakati ule hazikuwa na ngazi.

Zoezi lenyewe ni hili. Simama ukingoni mwa ngazi kwa nusu ya mbele ya nyayo. Panda kwa mguu mzima, kisha hamishia uzito kwenye mguu mbovu, shuka taratibu mpaka kisigino kipite chini ya ukingo. Mara 15, seti tatu, goti likiwa limenyooka. Halafu mara 15, seti tatu, goti likiwa limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni. Ukijumlisha ni mara 180 kwa siku. Kama maumivu yako yako chini kabisa, pale kano inaposhikana na mfupa, usipitilize ukingo, fanyia sakafuni. Na ili usichoke kuhesabu, kila unaposhuka taja jina la mtu anayekudai. Hapa Tanga nina marafiki wanaomaliza siku nzima bila kurudia jina.

Utaambiwa uweke barafu. Daktari Gabe Mirkin wa Marekani ndiye aliyeeneza mwaka 1978 ule ushauri wa kupumzisha, kuweka barafu, kubana na kuinua mguu. Baadaye mwenyewe akageuka, akasema barafu huenda ikachelewesha kupona. Inatuliza maumivu, basi. Tena wewe unaishi ndani ya friji, barafu ya nini? Mimi nakupa mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu. Hayaponyi kano. Lakini mkeo akisikia harufu ya nyumbani, manung'uniko yako atayavumilia mpaka Machi.

Na ukiwa na homa au tumbo, usimeze siprofloksasini kiholela kama wafanyavyo jamaa wengi huku, wanaonunua dukani kama pipi. Dawa za ukoo huo zinaweza kuharibu kano hata kuikata, na tangu 2008 Marekani imeamuru paketi zake zibebe onyo kali. Mwambie daktari wako una kano mbovu kabla hajaandika. Mimi simezi kitu chochote nisichoweza kukitamka haraka.

Baiskeli je? Endelea, mradi kisigino hakilalamiki. Lakini sogeza mguu mbele, pedeli iwe karibu na katikati ya unyayo, si kwenye vidole. Kano hupata nafuu. Mabwana wa viatu vya kubana siku hizi hulipia mtaalamu awasogezee vile vyuma vya soli. Sisi wa ndala tumekanyaga hivyo tangu enzi, na hakuna aliyetuita wataalamu. Hapo kwenu najua wapo wanaopita na matairi manene juu ya theluji, na ile njia ya Midtown Greenway, iliyokuwa reli zamani, huondolewa theluji. Waache. Ukianguka utaniandikia barua ya kiwiko.

Funga baiskeli sebuleni kwenye stendi ya mazoezi. Uchovu wa kukanyaga bila kwenda popote nimeutafutia dawa: mtoto mmoja apige honi nyuma yako kama daladala, mwingine akupulizie vumbi la unga, na mkeo akatize mbele ghafla na beseni la ndizi. Dakika 20 tu utajiona uko barabara ya kumi na mbili Ngamiani. Siku nyingine nenda kwenye bwawa la kuogelea, vaa mkanda wa kuelea, ukimbie ndani ya maji marefu bila kugusa chini. Pumzi inabaki, kano inapumzika, na watoto watakucheka, jambo linalojenga tabia.

Najua utanitajia John Stephen Akhwari. Wakimbiaji majeruhi wote humtaja. Ndiyo, Mexico City mwaka 1968 alianguka, goti likateguka, akafungwa bandeji, akamaliza marathoni kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Tunamheshimu mpaka kesho. Lakini Akhwari alitumwa na nchi. Wewe nani amekutuma? Umejituma mwenyewe, ukalipa na kiingilio.

Nadhani marathoni yenyewe ni ile ya Duluth, Grandma's Marathon, inayokimbiwa tangu 1977 kando ya ziwa Superior na kubeba jina la mkahawa. Jina la bibi. Nimesubiri miaka yote waanzishe ya babu, na barua yangu haijajibiwa.

Mhariri ananionyesha saa, basi nimalize. Anza ngazi kesho. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si dhambi. Yakizidi tano kwa kumi, au kesho yake asubuhi kisigino kikikaza kuliko jana, punguza. Ukiweza kutembea haraka bila kuchechemea, changanya dakika za kutembea na dakika za kukimbia, ukiongeza kwa wiki, si kwa siku. Ukisikia mlio nyuma ya mguu kama umepigwa teke na hakuna aliyekupiga, usiniandikie: nenda hospitali siku hiyohiyo. Juni mwaka huu simama pembeni ya barabara ugawe maji, mwakani ukimbie.

Wasomaji wenye magoti, subirini zamu yenu. Wiki hii ilikuwa ya visigino na ya mimi.