Kochi la Karafuu

Katika hulka zote ambazo wanadamu huzilaumu mchana na kuzitamani usiku, sijaona yenye gharama kubwa kuliko ubakhili. Watu hudhani kwamba bakhili ni mtu asiyetumia fedha, na kwa hiyo kila fukara aweza kuwa bakhili apendapo; lakini mimi niliyeishi Ngamiani, Tanga, miaka mingi baina ya jirani mkwasi upande wa kibla na jirani hamali wa bandari upande wa pili, nimethibitisha kwa macho yangu kwamba ubakhili ni anasa, nayo kama anasa nyingine haipatikani ila kwa wenye nacho.

Chukua mfano wa kanzu. Mkwasi wetu, mwenye maduka, malori na nyumba za kupangisha, ana kanzu moja ya melimeli iliyotiwa viraka mabegani, na kila Ijumaa aendapo nayo msikitini wazee hutikisa vichwa kwa mahaba wakisema, "Tazameni unyenyekevu! Mali yote ile, na moyo hauna kiburi." Nami nilipotoka siku moja na kanzu yenye kiraka kimoja tu, tena kiraka kilichoshonwa kwa ustadi na mke wangu, kabla sijafika kwenye baraza ya kahawa nilikuwa nimekwisha kuulizwa kama nimefiwa, na kama nimeachishwa kazi, na muuza kahawa, ambaye kwa desturi hunipa vikombe vyangu kwa deni, alitaka kuona fedha kwanza. Kiraka cha tajiri huhesabiwa kuwa zuhudi. Changu kilisomwa kama tangazo la mnada. Ndiyo maana hamali, ambaye mgongo wake haujui siku ya mapumziko, hununua kanzu mpya kila Idi na viatu vya kung'aa hata ukajitazama ndani yake, wala si kwa kuwa hajui hesabu, bali kwa kuwa anaijua barabara: mtu aonekanaye fukara hakopeshwi, na hamali asiyekopeshwa hafiki mwisho wa wiki.

Kisha iko kadhia ya chenji. Asubuhi moja gari la mkwasi lilikuwa kwa fundi, akapanda daladala pamoja nasi, akaketi ubavuni pangu kwa heba yake yote, na konda alipofika akatoa noti ya shilingi elfu kumi, mpya, isiyo na mkunjo. Konda, ambaye dakika moja kabla alikuwa akimfokea mwanafunzi kwa upungufu wa sarafu, akalainika sauti: "Mzee wangu, asubuhi hii nitaitoa wapi chenji?" Gari zima likamwonea huruma mkwasi kwa kuwa na noti kubwa kiasi kile. "Bwana karani," akaniambia, "hebu nilipie, tutaonana nyumbani." Nikamlipia. Na kweli tukaonana nyumbani, jioni ile na kila jioni iliyofuata, akaniuliza hali ya watoto, miguu yangu na mvua, lakini habari ya nauli haikupata nafasi katika mazungumzo yale. Nami ningeanzaje? Mtu amdaiye mwenye malori nauli ya daladala huaibika yeye, si mdaiwa. Hamali alipoazima kwangu fedha kama ile ile, aliirudisha kesho yake kabla ya adhana ya alfajiri, akagonga mlango kwa nguvu, akaamsha nyumba nzima pamoja na kuku, akanikabidhi sarafu zilizofungwa katika karatasi. Maana alijua kwamba Jumatano atarudi kuazima tena, na heshima ndiyo rehani pekee aliyokuwa nayo.

Wala mambo haya si ya Tanga peke yake. Al-Jahiz wa Basra, aliyeishi katika karne ya 9, aliandika kitabu kizima juu ya mabakhili, na ajabu yake ni kwamba wengi waliomo si mafukara bali ni watu wenye nafasi zao. Humo mna kisa cha watu wa Khurasani waliochangiana mafuta ya taa, na mwenzao mmoja akakataa kutoa fungu lake. Basi kila taa ilipowashwa walimfunga macho kwa kitambaa, asije akafaidi nuru asiyoilipia, na ilipozimwa wakamfungua. Katika zama zilizo karibu nasi, Jean Paul Getty, Mmarekani aliyetajirika kwa mafuta ya namna nyingine, aliweka katika kasri lake la Sutton Place, Uingereza, simu ya kutumbukiza sarafu, ili wageni wake wajilipie wenyewe maneno yao. Dunia ilicheka, na ndani ya kicheko kile ilikuwamo sifa. Thubutu wewe kumwomba mgeni wako alipie kikombe cha chai nyumbani kwako Ngamiani, uone kama jina lako halitavuka reli kabla ya magharibi.

Fukara hata akiazimia kubana matumizi hana pa kubania. Sukari huinunua kwa robo, mafuta kwa kipimo, sabuni kwa kipande cha mche, mkaa kwa kopo, na sigara, kama ana maradhi hayo, moja moja. Mkwasi hununua gunia, dumu na katoni, tena kwa bei ya chini. Mwezi ukiisha, hamali amelipa zaidi kwa bidhaa zile zile, na juu ya hayo husimamishwa dukani asikilize hotuba ya kuweka akiba, itolewayo na mkwasi aliyeketi juu ya gunia la mchele.

Lakini ukitaka kuliona jambo hili bila pazia, nenda Pemba wakati wa karafuu, maana huko mtu yule yule mmoja huwa fukara na mkwasi ndani ya mwaka, wala mtazamaji hana haja ya kukaa baina ya majirani wawili. Tangu tufani ya 1872 ilipong'oa mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobaki ikibeba sehemu kubwa ya zao hilo, nao mkarafuu ni mti wa kigeugeu: mwaka huu huzaa hata matawi yakainama, na mwaka ujao hukupa majani na udhuru.

Nina shemeji huko Wete, ndugu wa mke wangu, aliyerithi shamba la mikarafuu kwa baba yake. Nilipomzuru kabla ya mavuno nilimkuta akihesabu njiti za kibiriti, na chai yake ilikuwa nyepesi hata nikaweza kuliona ua lililochorwa chini ya kikombe. Kisha mavuno yakaja. Wachumaji wakalipwa kwa pishi, karafuu zikachambuliwa makonyo, zikaanikwa majamvini, na kila wingu lilipotokea juu ya Wete watu wa nyumba ile, na mimi mgeni pamoja nao, tulikimbia kuyakunja majamvi kama watu waliosikia mbiu ya moto. Siku alipouza, shemeji alirudi kutoka kituoni na fedha zimefungwa katika kikoi. Kesho yake akavuka kwenda Unguja. Na baada ya siku kidogo akarejea kwa jahazi pamoja na kochi la watu watatu na wenziwe wawili wadogo, yote ya mahameli mekundu.

Mlango wa nyumba ya shemeji ulijengwa na baba yake, na marehemu hakuwa na habari ya makochi. Wapagazi walijaribu kulipitisha kochi kwa kichwa, kwa miguu, kwa ubavu na kwa kulisimamisha, na kila jaribio lilipoharibika mtaa ulileta washauri wapya. Mzee mmoja alitaka lipakwe mafuta ya nazi. Mwingine aliapa kwamba kochi litapita ila wapagazi hawana nia. Mwishowe akaitwa fundi, akabomoa ukuta ubavuni pa fremu, kochi likaingia kwa takbiri, na ilipofika zamu ya kuuziba ukuta ikabainika kwamba fedha za karafuu zilikuwa zimekwisha. Mimi nikapewa taadhima ya kulala juu ya kochi lile. Nililala mbele ya uwazi mpana wa kupita ng'ombe, mvua za vuli zikininyunyizia miguu, mbuzi wa jirani amejitwalia kochi dogo bila kubisha hodi, na wapita njia wa alfajiri wakinitolea salamu kitandani, nami nikiitikia kwa adabu kutoka chini ya shuka.

Asubuhi, nikiwa na baridi na ghaidhi, nikamwambia, "Shemeji, si ungeziweka fedha benki?"

Akanitazama kwa huruma. "Benki gani shemeji yangu, ambayo shangazi zangu hawajui njia yake? Fedha ikiwa noti, kila jamaa ana haja inayolingana nayo sawasawa: huyu ada ya mtoto, yule dawa, yule mahari, na wote wana haki, maana miezi ya njaa mimi hula kwao. Lakini tangu kochi lifike, hajatokea hata mmoja aliyekuja kuniazima mguu wa kochi."

Sijasikia somo la uchumi lililo fupi na kamili kuliko hilo, na wapo waheshimiwa wanaolipwa ili wasilijue. Kwa mkwasi, fedha ni mgeni aliyefikia siku ya tatu akapewa jembe. Kwa shemeji yangu ni mgeni asiyelala usiku wa pili, na mgeni wa namna hiyo huchinjiwa kuku. Bakhili aweza kuwafungia jamaa zake mlango kwa kuwa hatauhitaji wao kamwe. Shemeji, ambaye miezi kumi ya mwaka chakula chake kimo katika vyungu vya watu, angeupatia wapi ubakhili?

Nami nilipolipwa kiinua mgongo nikapata kuuonja ukwasi kwa msimu mmoja. Ndani ya wiki ya kwanza kikohozi kilinianza, nacho kilikuja kila mgeni aliposema ana shida ndogo. Nikajifunza kuzima taa ya chumba nikiwa ningali ndani. Na kitabu cha benki nikakificha katika sanduku la mke wangu, ambalo halifunguliwi na mtu yeyote ila mke wangu. Kadi za michango ya harusi zikajibiwa zote, bati la mama mkwe likabadilishwa, na nilipouliza nikasomewa orodha ndefu ya watu waliotulisha katika miaka ambayo mimi nilikuwa nimekwisha kuisahau na mke wangu hakuisahau. Kikohozi kikapona.

Makochi ya Wete yapo hata leo, ukuta umezibwa, na mlango mpya ni mpana kuliko ule wa msikiti. Basi nawe msomaji wa Pemba, maadamu vuli inakaribia, nunua utakacho wala usimwogope mtu. Ila nakusihi, pima mlango kabla ya kuvuka bahari.