Utukufu wa Ua wa Leylandii

Washairi wetu wamesifu farasi, majahazi, minazi na wake za watu. Kwa kadiri nijuavyo, hakuna aliyewahi kuusifu ua wa jirani. Pengo hilo naliziba leo. Ninayemtungia sifa ni ua wa miti ya leylandii uliosimama kati ya nyumba yangu na ya jirani yangu, katika kijiji kimoja cha Shropshire, karibu na mpaka wa Wales. Kijiji chenyewe hakina makuu: kanisa la mawe, baa moja, kondoo wengi kuliko watu, na basi ambalo likipita watu huchungulia dirishani. Kiko kimya. Watu wanatoa fedha nyingi kuhamia hapa kwa sababu ya ukimya huo, kisha wanapanda ua ili wasisikie hata ukimya wa mwenzao.

Mtukufu hasifiwi bila kutajiwa nasaba. Mzazi mmoja wa mti huu ni saipresi ya Nootka, wa pwani za baridi za Alaska na British Columbia. Wa pili ni saipresi ya Monterey, wa California. Huko kwao porini wasingeonana milele, maana wametengwa na mamia ya kilomita. Ilibidi tajiri mmoja, John Naylor wa Leighton Hall, karibu na Welshpool, awapande karibu karibu katika shamba lake, ndipo wakajuana. Mwaka 1888 ukazaliwa uzao ambao haujawahi kuonekana. Mwanawe Naylor, aliyekuja kubadili jina akawa Christopher Leyland, akaichukua miche hadi Haggerston, Northumberland, na mti ukabaki na jina lake. Leighton si mbali na kwangu. Wengine wamejaliwa kuishi karibu na mahali alipozaliwa Shakespeare. Mimi nimejaliwa hili.

Chotara huyu ni tasa. Haenei kwa mbegu, huenezwa kwa vipandikizi. Zingatia maana yake: hakuna leylandii hata mmoja ulioletwa na upepo au kinyesi cha ndege. Kila mmoja ulinunuliwa na mtu mwenye akili timamu, akauchimbia shimo, akaumwagilia maji, akarudi nyuma hatua mbili kuutazama, akaridhika.

Lakini fadhila yake kuu ni kivuli, na hapa msomaji anivumilie, maana jambo lenyewe ni refu. Ua umesimama kusini mwangu, na kusini ndiko jua la Uingereza linakokaa. Adhuhuri ya mwishoni mwa Desemba, jua letu hupanda nyuzi 14 hivi juu ya upeo wa macho, kisha huteremka kama mfanyakazi aliyekuja tu kusaini kitabu cha mahudhurio. Ua una mita 8. Ukipiga hesabu, kivuli chake saa hiyo kina mita 32. Bustani yangu ina mita 12. Ona basi ukarimu huo! Mita 12 za kwanza nimepewa mimi, nikavimbiwa. 20 zilizobaki zinapita jikoni, zinapita sebuleni, zinatokea mlango wa mbele, zinavuka barabara na kumfikia bibi wa upande wa pili, ambaye hata hakuomba. Nyumba yangu nayo hujitahidi kutoa kivuli chake, lakini ni cha kimaskini, kimemezwa. Kwetu Tanga kivuli cha mwembe hakikosi makosa: hukusanya watu, bao, kahawa, maneno ya watu na mtoto wa mtu anayelia. Hiki kimestaarabika. Hakikusanyi yeyote. Idara ya afya ya taifa hushauri kila mtu afikirie kumeza mikrogramu 10 za vitamini D kwa siku kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, na sisi wenye ngozi nyeusi mwaka mzima. Kwa hiyo mimi nanunua vidonge, jirani anaota jua, na mwenye duka la dawa anasomesha watoto. Watu watatu wananufaika na ua mmoja.

Fadhila nyingine nazitaja kwa kupita tu. Haupukutishi majani, kwa hiyo hakuna mwezi utakaouona uso wa jirani yako kwa bahati mbaya. Hukua karibu mita moja kila mwaka bila kuomba likizo. Majani ya bustani yangu yamekufa, nami nimepumzika kuyafyeka. Njiwa wamejenga humo, na kwa sheria ya mwaka 1981 ni kosa kuharibu kwa makusudi kiota kinachotumiwa. Njiwa wana ulinzi ambao mimi sina.

Bunge nalo halikuunyima ua heshima yake. Ile sheria ya mwaka 2003 ya kupambana na tabia zinazokera jamii, inayoshughulikia nyumba za dawa za kulevya, bunduki za upepo na wachoraji wa kuta usiku, imeutengea sehemu nzima, ya 8. Tangu Juni 2005 ua mrefu una maana ya kisheria: safu ya miti miwili au zaidi isiyopukutisha majani, iliyozidi mita 2 na kuzuia mwanga au njia. Wataalamu wametunga mpaka kanuni ya hesabu, ambayo hutazama urefu wa bustani yako na upande uliko ua, kisha hukwambia ni giza kiasi gani unalopaswa kulistahimili. Halmashauri ikiridhika itaamuru upunguzwe. Haiwezi kuamuru ung'olewe, wala ushuke chini ya mita 2. Na kwa kuwa leylandii ukikatwa hadi kwenye matawi makuukuu yasiyo na majani hauchipui tena, basi hupunguzwa kwa adabu, kidogo kidogo, usije ukaumia.

Tawi likivuka mpaka ninaruhusiwa kulikata, lakini mwisho wangu ni mpakani, nikizidi sentimita moja anaweza kunishtaki kwa kumharibia mali yake. Nikishalikata, tawi ni lake. Napaswa kumuuliza kama analitaka. Nikilirusha upande wake bila idhini, mkosaji ni mimi. Asipolitaka, kuna pipa la kahawia la taka za bustani, ambalo halmashauri inanitoza ada kila mwaka. Mti wake, tawi lake, pipa langu, ada yangu.

Na bado sijasema ada ya malalamiko! Hapa naomba nipumzike kusifu. Halmashauri yetu inataka mamia ya pauni, tena kabla haijafungua faili. Ukishinda hurudishiwi. Mwenye ua hatoi hata senti. Mtu anajenga ukuta wa majani unaofika juu ya paa langu, halafu mimi ndiye nitoe pesa ili afisa aje na futi yake kunithibitishia kwamba jikoni kwangu kuna giza? Najua kuna giza. Nawasha taa saa sita mchana.

Nilikwenda kwenye kikao cha serikali ya kijiji, ukumbini, kwenye viti vya plastiki. Wakajadili kinyesi cha mbwa, kibao cha mwendo kasi na vikapu vya maua, kwa kina ambacho sijakiona hata bungeni. Ua, wakasema kwa upole mkubwa, si mamlaka yao. Wote walisikitika. Sijawahi kuona watu wakisikitika vizuri namna ile. Lakini sikukuu ya Idi, wageni wangu walipoegesha magari kwenye ukingo wa majani mbele ya nyumba, kesho yake nilikuta karatasi imepenyezwa mlangoni, imechapwa vizuri, haina jina, imejaa heshima, ikinikumbusha kwamba majani ya ukingo ni ya kijiji kizima. Ni kweli. Jua ndilo lisilo na mwenyewe.

Mama akinipigia simu kutoka Tanga huniuliza, "Mwanangu, lakini umekwenda kumpigia hodi?" Nilikwenda. Namna ya kumweleza mama ndiyo iliyonishinda. Hapa mtu akigonga mlango wako bila miadi, ama pana moto ama pana maiti. Jirani alifungua robo ya mlango. Tukasifu hali ya hewa, ambayo ilikuwa mvua. Nikataja ua. Akasema ameshukuru sana kwamba nimemwambia, na kwamba atalitazama suala hilo, kisha mlango ukafungwa kwa ulaini ambao ningeupenda kuuona kwa makonda wetu wa daladala. Hakunitukana. Laiti angenitukana! Kwetu mkishatukanana, wazee wanaitwa, chai inapikwa, mambo yanakwisha. Huku mtu haombi radhi kwa kosa alilolifanya. Anaomba radhi badala ya kuliacha.

Cha kuchekesha zaidi, serikali yenyewe ina mwongozo wa kuwafundisha raia wake kwamba kabla ya kulalamika, waongee na jirani. Halmashauri inaweza kuyakataa malalamiko yako usipoonyesha kwamba umejaribu. Kwa hiyo unatunza nakala za barua, unaandika tarehe, unaandika ulisema nini naye akajibu nini. Tangu niusome mwongozo huo, kila nikimwona jirani akitoa gari nampungia mkono, kisha narudi ndani kuandika: nimempungia mkono, naye amenipungia. Tumekuwa na ujirani mwema kuliko wakati wowote, na wote una ushahidi.

Wiki iliyopita nilikuwa kivulini nakusanya matawi yake, nikapiga chafya. Kutoka ndani ya majani, juu kidogo ya kichwa changu, sauti ikaniombea baraka ya Mungu, kama ilivyo desturi yao. Nikashukuru. Sauti ikasema hakuna shida. Yote hayo nimeyajaza kwenye fomu, penye nafasi ya hatua zilizochukuliwa kutafuta suluhu, pamoja na saa yake.