Usambara kwa Miguu: Mwongozo kwa Mtu wa Mjini

Anza kwa kupakua. Begi ulilolifunga Dar es Salaam lina vitu vya watu watatu, na mgongo ni wako peke yako. Toa viatu vya kupigia picha. Toa spika, ndiyo, hata ile ndogo. Mbega wa msitu wa Magamba wana ngurumo yao wenyewe na hawajaomba kusindikizwa na singeli. Bakiza sweta, kwa sababu baridi ya Lushoto ya Juni na Julai si ya kusimuliwa. Bakiza koti la mvua, chupa ya maji ya kujaza upya, viatu vilivyokwisha kuzoea mguu, na tochi. Tochi nitaieleza.

Basi la kwenda Arusha likikushusha Mombo, panda gari la Lushoto, vumilia kona hadi Soni, kisha malizia safari. Ukifika, usiulize bodaboda ya kwenda Mtae, kijiji tutakakomalizia matembezi. Tafuta mwongoza njia wa hapohapo, mwenye kitambulisho, mpatane bei, kisha umlipe bila kumkatakata bei kama muuza mitumba. Yeye ndiye anayejua kiingilio cha Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba kinalipwa wapi. Dai risiti. Mlinzi wa msitu ataitaka akikagua, nawe utakuwa na hakika kwamba fedha imefika Wakala wa Huduma za Misitu, wala haikuishia njiani.

Nasisitiza fedha, na sioni haya. Milima hii ina watu wengi na ardhi kidogo. Shamba la viazi linafika mpaka kwenye mzizi wa mwisho wa msitu. Jirani asiyepata kitu kutoka kwenye mti uliosimama atauona ni mbao au mkaa, na mimi simlaumu. Mkulo, ule mti mkubwa unaonukia kamfa, ulikatwa hapa miaka mingi kwa sababu hiyohiyo ya riziki. Lakini msitu ukiwa mzima hunasa ukungu kwenye matawi na majani, maji yakadondoka, yakanywewa na udongo, yakatokea chini kama chemchemi hata kiangazi. Kabichi na karoti za Lushoto unazonunua Kariakoo zimenywa hapo. Upande wa mashariki, mto Zigi unatoka kwenye misitu ya Amani na kuwafikishia maji watu wa jiji la Tanga. Kwa hiyo lala kijijini. Kula makande yaliyopikwa na mama wa hapo, na ukishiba, agiza na ya kesho. Kila shilingi unayoiacha humo inampa mtu sababu ya kuuacha mti.

Wasambaa wanalijua jambo hili tangu zamani. Habari za Wakilindi, alizoandika Abdallah bin Hemedi, zinaeleza jinsi Mbegha, mwindaji kutoka Nguu, alivyopanda milima hii kwa miguu, akawaua nguruwe waliokuwa wakimaliza mashamba, akawagawia watu nyama, mwishowe wakamfanya mfalme. Huo ndio utalii mwema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe ufalme hutapewa, lakini viazi vitamu vya moto utapewa.

Sasa kutembea kwenyewe. Polepole. Ukihema hadi husikii ndege, umezidisha. Salimia kila mtu unayepishana naye. Bibi mwenye mzigo wa kuni kichwani apewe shikamoo na apewe njia, wewe ndiye uingie kwenye majani. Kwenye matope ya masika shika fimbo.

Tochi, basi. Baada ya chakula cha jioni, mwombe mwongoza njia wako mrudi ukingoni mwa msitu. Mulika ncha za vijiti, usimulike shina. Kinyonga aliyelala hupauka, akaonekana mweupe kabisa kwenye mwanga, mkia umekunjwa, macho yamefungwa. Ukibahatika kumpata dume mwenye pembe mbili bapa puani, umemwona mkazi wa milima hii asiyepatikana kwingine duniani. Mtazame, zima tochi, mwache alale. Na mchana akija mtoto na kinyonga juu ya kijiti akitaka sarafu, usimpe: kesho ataleta watatu. Muulize kama nyumbani wanauza plamu au peasi, ukanunue huko.

Kwenye miamba yenye unyevu na kivuli mwongoza njia anaweza kukuonyesha ua dogo la zambarau, lenye majani manene ya manyoya laini, limeshikilia jiwe tu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, alilipeleka kwao, likaitwa Saintpaulia. Leo limejaa kwenye vyungu madirishani mwa Ulaya na Marekani. Lililobaki porini ni haba, na makazi yake yanapungua. Piga magoti, litazame kwa karibu, na mikono yako ikae mfukoni.

Takataka zako zote, pamoja na karatasi ya biskuti, rudi nazo hadi mjini. Kijijini hakuna gari la taka. Utakachoacha kitachomwa au kitaelea kwenye mfereji wa kumwagilia kabichi.

Ukifika Mtae, simama ukingoni. Chini kabisa ni nyika ya Mkomazi, ng'ambo ni Upare, na hewa ikitakata Kilimanjaro nayo hujitokeza. Basi la kurudi Lushoto huondoka alfajiri giza bado, kwa hiyo ulizia nafasi jioni. Kabla hujalala, andika namba ya simu ya mwongoza njia na ya mama aliyekupikia. Jumatatu, mwenzako kazini akikuuliza ulikuwa wapi, mpe zote mbili.