Karanga za Kisamvu

Msimu wa korosho ukiisha, hakosi mtaalamu wa kufika Nachingwea na Ruangwa kuwafundisha akina mama kubana matumizi. Haya, tuone nani amfundishe nani. Mwaka 1947 Uingereza, iliyopungukiwa mafuta ya kula, ilianza mpango wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ikaleta hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta, ikajenga reli kutoka Mtwara, na kufikia 1951 ikanyoosha mikono, pauni zaidi ya milioni 30 zimeteketea. Mama wa Ruangwa, mbegu zake zikining'inia juu ya moshi wa jiko, hulima kwanza kipande, akaisikiliza mvua, na pembeni kachanganya mbaazi na muhogo.

Mtasema: mbona fedha za korosho humwaga zote unyagoni? Humwaga, lakini zake mwenyewe, na aliyekula wali wake leo kesho atamtunza. Mtasema tena, mji wa Nachingwea ulikuzwa na mpango ule. Kweli, kama anayeunguza nyumba akasifu mkaa. Reli yenyewe iling'olewa miaka ya 1960. Karanga zipo, zinatwangwa za kisamvu.