Kuku Naye Ana Eda

Siku 21 nimepanda ngazi za nyumba yetu ya Kibokoni hadi darini, magoti yalia, kwenda kumchungulia koo wangu akiatamia. Wakatoka wanane: watano weusi tititi, wawili weupe kama waliorushiwa wino, mmoja tu kijivu. Baba kijivu. Mama kijivu.

Mke wangu hakusema neno. Alitazama dari ya jirani, aliko jimbi mweusi, kisha akanitazama mimi.

Hesabu naijua. Kijivu cha kuku ni weusi uliofifishwa na jeni moja. Kifaranga akipata kopi moja huwa kijivu, akipata mbili huwa mweupe wa matone, akikosa huwa mweusi. Kijivu kwa kijivu huzaa robo weusi, nusu kijivu, robo weupe. Nilikuwa nawadai wanne! William Bateson wa Cambridge alionyesha mwaka 1902 kwamba kuku nao wafuata kanuni alizozipata Mendel kwenye njegere. Sawa, lakini njegere hazina jirani.

Wale weupe wawili ni halali yangu, sina shaka: kopi mbili ni moja ya baba, moja ya mama, na jimbi mweusi hana hata moja ya kutoa. Hao weusi watano ndio walioniletea maneno. Koo nilimtenga siku nne tu kabla ya kumtia kwa jimbi wangu, kumbe kuku huweza kuhifadhi mbegu za jogoo wiki mbili, hata tatu.

"Ati kuku naye akae eda?" akauliza mke wangu.

Naam. Leo ni siku yake ya kumi na moja chini ya tenga, na jirani kashapiga hodi kuuliza marehemu ni nani.

Weusi angalau wana soko, waganga huwaagiza. Sijasikia mganga aliyemtuma mtu kuku wa kijivu.

Na yule mmoja wa kijivu? Jumanne kunguru kamnyakua, kaenda kumlia juu ya antena. Kunguru hawa waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 wale taka, sasa Mombasa nzima ni yao. Wana shingo za kijivu wote, baba, mama na watoto, na hakuna aliyekaa eda hata siku moja.