Satelaiti Angani, Pua Kichakani

Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kuvuruga makusudi mawimbi ya GPS yanayowafikia raia. Wiki hiyohiyo Dave Ulmer akaficha ndoo msituni karibu na Beavercreek, Oregon, akatangaza mahali ilipo. Ndani mlikuwamo, pamoja na vikorokoro vingine, kopo la maharage. Ndivyo ulivyozaliwa mchezo wa jiokashi, yaani kusaka vikopo vilivyofichwa kwa msaada wa GPS: satelaiti za mabilioni ya dola zinamwongoza mtu mzima hadi kwenye maharage.

Mwanagenzi huiamini simu kama mganga. Ikimwambia amefika, basi amefika, ingawa GPS hukosea mita kadhaa, na chini ya miti mikubwa huzidi kukosea. Hapo huanza kupapasa uvungu wa benchi na kukumbatia miti. Akipita mtu, hujifanya anafunga kamba za viatu, hata kama amevaa ndala.

Wazoefu huirudisha simu mfukoni, wakasaka kilichozidi unadhifu: vijiti vilivyopangwa mno, boliti isiyofunga kitu. Vikopo vingine vina sumaku na havizidi ncha ya kidole.

Na zawadi? Kijikaratasi cha kutia saini. Kalamu uje nayo mwenyewe.