Jinsi ya Kuwapangisha Vifaranga Chumbani Mwako

Tafuta chumba chenye joto kuliko vyote nyumbani. Hapa Keumbu, mvua ya alasiri ikishamwagika na baridi kuingia hadi kwenye mifupa, chumba hicho ni kile unacholala. Hongera. Hamisha godoro.

Kifaranga wa nyama wa siku moja anataka nyuzijoto 32 hadi 35. Wewe umeishi na jaketi miaka yote na hakuna aliyekununulia kipimajoto; yeye atanunuliwa chake kabla hajafika. Omba maranda kwa seremala, utandaze, kisha funika kwa magazeti siku mbili tatu za kwanza, wasije wakayala maranda wakidhani ni chakula. Kurasa za siasa ndizo bora: vifaranga hutoa maoni yao papo hapo. Zungushia kadibodi iwe duara, kwa sababu penye pembe hurundikana wakisikia baridi, na wa chini hukosa pumzi.

Watakuja ndani ya boksi la vyumba vinne, 25 kila chumba, wakiishi kwa kiini cha yai walichofyonza kabla ya kuanguliwa. Ndiyo maana huweza kusafiri usiku kucha kwa basi hadi mjini Kisii, kisha wakapanda matatu ya Keroka, bila kumwomba mtu chai. Mshike mmoja mmoja, umchovye mdomo kwenye maji vuguvugu yenye glukosi. Watoto wakiuliza glukosi yao iko wapi, waambie wageni wamemaliza.

Usiku stima itapotea. Washa jiko la makaa, lakini uache hewa ipite kwa juu, maana makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua kifaranga na mwenye kifaranga bila upendeleo. Humo halali mtu. Ndiyo maana nilisema uhamishe godoro.

Kuhusu joto, sahau kipimajoto ulichokigharamia na uwatazame wenyewe. Wakibanana karibu na jiko wakilia, wanaganda. Wakikimbilia ukingoni, midomo wazi na mabawa yamelegea, unawaoka kabla ya wakati. Wakitawanyika wakinong'ona, usiguse kitu. Hata kikohozi kiahirishe. Kila wiki punguza nyuzi tatu hivi.

Zipo chanjo pia, ya Newcastle na ya Gumboro, na zote hutaka ubaridi hadi dakika ya kutumiwa. Jirani mwenye friji, yule uliyeacha kumsalimu tangu kesi ya mpaka, mwamkie leo kwa majina yake yote.

Kufikia wiki ya tatu au ya nne, manyoya yameota na harufu ya amonia imeshawafukuza wageni. Sasa wapeleke malishoni. Malisho, kwa ardhi ya Kisii iliyogawanywa kwa ndugu na wana wa ndugu, ni ule ukanda kati ya migomba na nepia. Tengeneza tundu lisilo na sakafu, wavu juu kumzuia mwewe, na ulisogeze kila asubuhi umande ukishakauka. Siku chache tu utakuwa umegonga ua wa kaka yako. Geuza, urudi ulikotoka.

Usitarajie shukrani. Kuku huyu, kati ya majani mabichi na wadudu wa bure, atakaa kando ya sahani akisubiri chakula cha dukani. Wiki ya sita mpeleke sokoni. Mteja akiuliza kama ni wa kienyeji, usidanganye: sema amewahi kuona nyasi.